Canon EOS 700D ya mtumba: nimeipima kwa spidi ya shata tu

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Canon EOS 700D iliyotumika, mradi shata yake (mapazia yanayoruhusu na kukata mwanga) ni nzima, inatosha karibu kazi zote za picha za huku kwetu: mahafali, sendofu, ubatizo, mpira wa mchana, maua ya Kitulo. Haimfai anayetegemea mpira wa usiku. Haimfai pia atakayeiweka kwenye alama ya kijani ya A+, ambako kamera inajiamulia kila kitu, akaiacha hapo mpaka izeeke, maana huyo hata kamera ya milioni kumi haitamsaidia. Na ukibakiwa na chenji, usiongezee ili upate bodi (kamera yenyewe bila lenzi) mpya zaidi. Nunua lenzi ya 50mm f/1.8.

Wenye muda tuendelee.

Mimi nina kibanda Soweto, hapa Mbeya. Napiga picha za sherehe, napiga za paspoti, na nachapa picha ambazo watu wamepiga wenyewe au wamepigiwa na wengine. Hiyo kazi ya tatu ndiyo iliyonifanya nizitazame kamera kwa jicho hili. Picha ikiletwa na ukungu, kabla sijasema lolote nafungua taarifa za faili. Picha ya kidijitali inatunza ndani yake spidi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi (ile namba ya f; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iliyotumika, isipokuwa iliyotumwa kama picha ya kawaida WhatsApp, maana hiyo huwa imeshavuliwa kila kitu njiani. Na karibu kila ninapofungua nakuta habari ileile: ukumbini, usiku, zumu imevutwa mpaka 55mm, f/5.6, 1/30 ya sekunde.

Kuna mama wa bibi harusi aliniletea memori kadi yenye picha za namna hiyo. Binti yake yumo, gauni limo, ila uso una pua mbili.

"Mwanangu, si umsafishe kidogo kwenye kompyuta?"

"Shikamoo mama. Huu si uchafu, mama. Hapa alikuwa anaingia akicheza, na kamera ilikaa wazi muda mrefu mno."

Akanitazama kwa macho ya mtu anayenyimwa huduma aliyoilipia. Sikumlaumu. Duniani kuna programu za kung'arisha, za kuondoa chunusi, za kubadili mandhari nyuma ya mtu, lakini sura iliyokwisha kusambaa kwenye picha hakuna ya kuikusanya ikarudi alivyokuwa yeye. Programu za siku hizi hubuni sura nyingine nzuri, na mama mtu huijua mara moja kwamba si ya mwanawe.

Ndiyo sababu sijali sana megapikseli. 700D ina 18, zinatosha kuchapa picha ya kuning'iniza sebuleni. Ninachotaka kujua kwa kamera ni spidi ya shata: inaanzia wapi, inaishia wapi, naibadilisha kwa urahisi gani, na nikiipandisha, vitu gani vingine vinaniangusha.

Kwanza habari za kununua. Kamera hii ilitangazwa Machi 2013. Japani inaitwa Kiss X7i, Marekani inaitwa Rebel T5i, na ni kamera ileile, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya jina. Yangu niliipata Mwanjelwa kwa laki sita na nusu, pamoja na lenzi ya 18-55mm IS STM, chaja na betri moja. Duka silitaji. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu, ila ushahidi alionipa kwamba kamera "haijapiga sana" ulikuwa namba ya faili: IMG_0412. Namba hiyo haithibitishi kitu. Ikifika 9999 inaanza upya, na mtu anaweza kuirudisha mwanzo kwenye menyu muda wowote anaotaka. Hesabu halisi ya shata husomwa kwa programu ya kompyuta kupitia waya wa USB, na dukani ni nadra kukuta mwenye subira hiyo.

Basi pima shata yenyewe. Weka modi ya M, ambako kila kitu unachagua mwenyewe, elekeza kwenye ukuta mweupe uliopigwa na jua, kisha piga kwa 1/60, halafu 1/250, 1/1000 na 1/4000, kila unapopanda ukifungua lenzi au kuongeza ISO ili mwanga ubaki uleule. Picha zote zinatakiwa zifanane. Ukiona ile ya 1/4000 ina upande mmoja mweusi kuliko mwingine, mapazia ya shata hayakimbii sawasawa, na hapo shukuru, rudisha kamera kwenye kabati la kioo. Kisha weka sekunde moja nzima na utege sikio: mlio wa kufungua, kimya, mlio wa kufunga. Mlio wa pili ukisitasita, hiyo ni shata inayokwenda kufa. Kijana yule alinisubiri bila kununa, na nilipomaliza naye akachukua kamera nyingine kiooni akaanza kuipima vilevile.

Sasa tuingie ndani ya kamera. Mbele ya kihisi cha mwanga kuna mapazia mawili. La kwanza likishuka, mwanga unaingia. La pili likishuka nyuma yake, mwanga unakatwa. Muda kati ya hayo mawili ndiyo spidi ya shata. Kwenye 700D unaweza kuchagua kuanzia sekunde 30 hadi 1/4000, na ukiwa kwenye M ukapita sekunde 30 unakuta Bulb, ambako shata inabaki wazi kwa muda wote uliobana kitufe. Kutoka 1/60 kwenda 1/125 umepunguza mwanga kwa nusu. Kutoka 1/125 kwenda 1/250, nusu tena. Nusu hizo lazima uzilipe mahali: ama ufungue tundu la lenzi, ama upandishe ISO, ama ulete taa.

Kitu kimoja kinawachanganya wanaoanza, na kamera haisaidii. Ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia, 1/30 inaandikwa 30 tupu. Sekunde thelathini inaandikwa 30 yenye vijistari viwili vya mkwaju, hivi: 30". Nusu sekunde ni 0"5. Kwenye kioo cha nyuma imeandikwa vizuri zaidi, 1/30, kwa hiyo mgeni namshauri atazame nyuma mpaka macho yazoee.

Kubadili spidi ni kwa gurudumu lililo nyuma ya kitufe cha kupigia, kidole kilekile. Hapo 700D nimeipenda. Ukiweka modi ya Tv, wewe unachagua spidi na kamera inatafuta ukubwa wa tundu. Namba ya f ikianza kumwekamweka kwenye kitundu, inakwambia lenzi imefunguka mpaka mwisho na mwanga bado hautoshi. Usipuuze mwekamweko huo. Picha itatoka nyeusi. Kwenye M mambo yanakuwa mazito kidogo, kwa sababu gurudumu ni moja tu: kubadili tundu inabidi ubane kitufe cha Av kwa dole gumba huku unazungusha. Kwa mahafali, ambako wahitimu wanasimama kwenye mstari wakisubiri cheti, hakuna shida. Kwa maharusi wanaoingia mbio mbio na muziki, utatamani kidole cha sita.

Ukumbini ndiko kamera hii inakopimwa kwelikweli, na nitakaa hapo.

Ukiiacha kwenye A+, ukumbi wa kawaida wa hapa mjini, wenye vitambaa juu na taa za rangi pembeni, inafungua flashi yake ndogo, inashusha spidi mpaka 1/60, na watu wa mbele wanatoka weupe kama dona huku wa nyuma wamemezwa na giza. Ukiizima flashi, inashuka 1/30 au chini ya hapo. Mtu aliyesimama anasema "chizi" anavumilia 1/60. Mtu anayetembea anataka 1/125 angalau. Anayecheza, mikono juu, anataka 1/250, na watoto wanaorushiwa pipi wanataka zaidi ya hapo.

Lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera ina kidhibiti cha mtikisiko, IS, na Canon wanasema kinaokoa hatua nne, kila hatua ikiwa ni kushusha spidi kwa nusu. Naamini, kwa sababu nimeshika 1/15 mkononi nikapiga keki na ikatoka safi. Lakini keki haichezi. IS inatuliza mkono wako wewe. Bibi harusi haimtulizi. Watu wengi wamenunua lenzi ya IS wakidhani wamemaliza tatizo, na ndio hao wanaoniletea picha ambazo meza, maua na pazia la ukumbi viko makini kabisa, halafu maharusi katikati wamegeuka moshi. Ukiiona picha ya hivyo, ujue mkono haukutikisika hata kidogo. Tatizo ni spidi.

Hapa ndipo ile 50mm inapoingia. Kwenye zumu ya 55mm, lenzi ya kawaida inafunguka mpaka f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Weka hesabu: mahali palipokulazimisha 1/30 kwa ISO 3200, sasa unapata 1/250 kwa ISO ileile, bila flashi. Hiyo ndiyo tofauti ya pua mbili na pua moja. Gharama yake ni kwamba kwa f/1.8 sehemu iliyo makini ni nyembamba sana, bwana harusi akiwa hatua moja nyuma ya mkewe anaanza kufifia, na pia huwezi kuvuta zumu, unavuta miguu. Mimi huwa nabana mpaka f/2.8 wakisimama wawili.

Kisha kuna taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata inaona. Ukipiga 1/500 chini ya taa hizo utapata mistari ya rangi kwenye gauni jeupe, au picha ya kwanza ya njano na ya pili ya bluu ilhali hukugusa kitu. Dawa ni spidi inayomeza mpepeso mzima: 1/100 au 1/50. Kwa taa hizo mimi naganda kwenye 1/100 na kungoja ule wakati ambao wachezaji wanafika mwisho wa hatua na kutulia kidogo kabla ya kugeuka. Kamera mpya zaidi zina kipengele cha kuhisi mpepeso na kupiga taa inapokuwa na nguvu. 700D haina. Hili ndilo pungufu ninalolihisi kila Jumamosi. Taa zile za bei rahisi kabisa, za kuzungusha rangi, zina mpepeso wa kwao usiofuata hata hiyo hesabu, na hapo ni kuomba tu MC awashe taa kubwa wakati wa kukata keki. Wengine wanakubali. Wengine wanakuambia unaharibu mudi.

Flashi nayo ina mpaka wake: 1/200. Flashi ya kwenye kamera haitakuruhusu kupita hapo, kwa hiyo watu wengi hawajui kama mpaka upo. Wanaujua siku wanaponunua flashi ya pembeni na kile kirusha mawimbi cha bei poa ambacho hakizungumzi na kamera zaidi ya kusema "waka". Wanaweka 1/500, flashi inawaka, na picha inakuja na mkanda mweusi chini. Kama ni maharusi, viatu na pindo la gauni vimepotea. Sababu ni yale mapazia. Mpaka 1/200 kuna wakati pazia la kwanza limeshuka lote na la pili halijaanza, kihisi chote kiko wazi. Ukipita hapo, la pili linaanza kumfuata mwenzake kabla hajafika, na kinachopita mbele ya kihisi ni mwanya tu. Flashi inawaka kwa kitambo kifupi mno, inakuta sehemu imeshafunikwa. Na kwa kuwa picha huingia kwenye kihisi juu chini, pazia linaloanza kufunika juu linakula miguu.

Kwa kucheza, napenda kinyume chake: flashi pamoja na spidi ya chini, 1/40 hivi. Flashi inagandisha uso, na shata iliyobaki wazi inakusanya taa za rangi za ukumbi, kwa hiyo nyuma ya watu hakuwi pango. Kwenye menyu ya flashi ya 700D kuna chaguo la kuwasha flashi mwishoni, pazia la pili linapokaribia kushuka. Chagua hilo. Mwendo wa mkono unaonekana umefuata nyuma ya mkono, inavyopaswa. Ukiacha flashi iwake mwanzoni, mchezaji anaonekana anarudi kinyumenyume. Ila angalia modi ya Av (wewe unachagua tundu, kamera inatafuta spidi) usiku: humo kamera inaweza kushusha spidi mpaka sekunde nzima na flashi ikiwa juu. Kwenye menyu hiyohiyo ya flashi kuna mahali pa kuifungia isishuke chini ya 1/60. Fungia.

Mpira nitapita haraka. Uwanja wa Sokoine, jua la saa tisa, lenzi ya 55-250mm, 1/1000, f/5.6, ISO 200: hakuna malalamiko, mpira unaonekana hadi mishono. Wingu likishuka kutoka Loleza unajikuta ISO 800, bado sawa. Kamera inapiga picha tano kwa sekunde, na ukipiga RAW (faili ghafi, zito) inajaa baada ya kama sita hivi, inakaa inameza mate wakati wewe unaona goli. Piga JPEG. Saa kumi na mbili jioni usijitese: kutunza 1/500 itakubidi ISO 6400, na hapo chenga za rangi zinaingia kwenye jezi. Kitu kingine ninachokikosa: nikiweka Av na ISO ya kujichagulia, naweza kuiambia kamera isipandishe ISO zaidi ya kiwango fulani, lakini siwezi kuiambia isishuke chini ya 1/500. Njia ya kuzunguka ni kuweka M, ukachagua spidi na tundu mwenyewe, ukaacha ISO tu ndiyo ihangaike. Inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

Ukishika hiyo 250mm mkononi, kumbuka kanuni ya zamani: spidi isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi, na kwa kihisi cha ukubwa huu zidisha kwa 1.6. Yaani 1/400. Kwa 55mm, 1/100 hivi.

Nje ya mji, spidi za chini ndizo tamu. Pale Daraja la Mungu, Rungwe, Kiwira inapita chini ya mwamba, asubuhi yenye mawingu na kivuli cha miti unapata 1/4 hadi 1/2 ya sekunde kwa ISO 100 na f/16. Maji yanageuka maziwa na mwamba unabaki mwamba. Ukitaka maji yaonekane matone, 1/1000, ila kwa giza lile utalipa kwa ISO, na mimi sioni raha ya picha hiyo. Tripodi ni lazima, na tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Kioo cha nyuma kinageuka, na hapo kina thamani kweli: unaweza kuiweka kamera chini karibu na maji bila kulala kwenye tope. Saa sita mchana acha. Hata ukibana lenzi mpaka f/22 jua linakulazimisha 1/50, labda uwe na filta ya kupunguza mwanga.

Kwa sababu hiyohiyo zile picha za bajaji imetulia huku maduka ya Kabwe yakipita nyuma yake kama mistari zinapigwa jioni. 1/30, unamfuata dereva kwa kugeuza kiuno, unabonyeza na unaendelea kugeuka. Nyingi utafuta. Fokasi ya pointi tisa ya kamera hii inajitahidi, pointi ya katikati zaidi.

Kitulo ilinionyesha mambo mawili. Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile barabara ya kona hamsini na saba, ukafika juu wakati wa mvua, maua yapo kweli, lakini upepo nao upo. Ua linatikisika kwenye kikonyo chake kuliko mtu anavyotembea. Nilikuta wenzangu wameinama wanapiga kwa 1/60 wakiiamini IS. Kwa ua lile anza na 1/250, na upepo ukikazana nenda 1/500; mwanga wa juu kule ni mwingi, hutahangaika. Jambo la pili ni usiku. Uwanda uko kama mita 2,600, taa za miji ziko mbali, na nyota zinashuka mpaka kwenye majani. Kwa 18mm na f/3.5, ISO 3200, weka 15". Ukifika 20" nyota zinaanza kuwa vijiti, maana dunia inazunguka na kamera imesimama. Vaa. Na betri iweke mfukoni karibu na mwili, baridi inaimaliza kabla ya wewe kumaliza. Kwa kawaida LP-E8 inapiga picha kama 440. Kule usiitegemee hesabu hiyo.

Kwa wanaopiga video: weka PAL (mfumo wa video unaoendana na umeme wa hezi 50) kwenye menyu, picha 25 kwa sekunde, spidi 1/50, na usiiguse tena usiku mzima. Kamera nyingi za mtumba zinakuja zikiwa kwenye NTSC (mfumo wa umeme wa hezi 60) kwa sababu ya zilikotoka, na ukirekodi kwa 1/60 chini ya taa zetu, video inapumua, inang'aa na kufifia. Nimeona mtu anataka kurudisha kamera dukani kwa sababu hiyo, ilhali ni mstari mmoja kwenye menyu.

Je, ungenunua 4000D mpya badala yake? Naulizwa sana. Spidi zake za shata zinaishia 1/4000 vilevile na flashi 1/200 vilevile, lakini inapiga picha tatu kwa sekunde, kioo chake ni kidogo na hakigeuki, na pale lenzi inaposhikia ni plastiki. Mpya ina raha ya kufungua boksi. Mimi nabaki na 700D.

Kama kazi yako ni mpira wa usiku, au kumbi zenye LED wiki nzima, hii isikushike. Tafuta 80D iliyotumika: inafika 1/8000, flashi 1/250, picha saba kwa sekunde, pointi 45 za fokasi, magurudumu mawili, na ile dawa ya mpepeso wa taa imo. Bei yake imesimama juu zaidi, na kuipima dukani ni vilevile: ukuta mweupe, 1/60 mpaka mwisho, kisha sekunde moja na sikio.